Ile orodha ya "shule bora za serikali Temeke" mnayotumiana: nimekaa nayo siku nne, haya ndiyo niliyoyaona

Mtunza Stoo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kijana wangu kamaliza darasa la saba na kapangiwa sekondari ya kata, hukuhuku kwetu Mbagala. Tangu siku hiyo grupu la ukoo limegeuka baraza la mitihani. Shemeji yangu kaleta orodha, "Shule kumi bora za serikali Temeke". Haina jina la aliyeitengeneza, haina mwaka, na shule aliyopangiwa mtoto haimo. Shangazi zake wakaanza: uza kile kiwanja cha Mkuranga umpeleke praiveti. Kiwanja chenyewe kina mgogoro, ila hilo ni la uzi mwingine.

Nikasema kabla sijauza kitu, ngoja nifungue matokeo kwa mkono wangu. Mimi kazi yangu ni stoo. Najua mambo matatu: kilichoingia, kilichotoka, na kilichopungua katikati. Orodha ya shemeji ina kilichotoka tu. Bosi wangu nikimpelekea ripoti ya namna hiyo ananirudishia usoni.

Nianze na neno lenyewe, "ufaulu". Matokeo ya kidato cha nne 2023, waliofaulu nchi nzima walizidi asilimia 89. Ukisikia hivyo unasema nchi imekaa sawa. Sasa tazama waliopata daraja la kwanza hadi la tatu: karibu asilimia 37. Wengine wote waliobaki kwenye ile 89 ni daraja la nne.

Na daraja la nne ni nini? Wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Daraja la nne linaishia pointi 33. Haya piga hesabu: F tano ni 25, D mbili ni 8, jumla 33. Mtoto mwenye D mbili na miswaki mitano amefaulu. D yenyewe inaanzia alama 30. Simdharau mtoto huyo, nasema tu kwamba akija kwenye asilimia anahesabika kichwa kimoja, sawasawa na mwenye mabanda (A) saba.

Chukulia shule mbili za kubuni, ya Bondeni na ya Mlimani. Kila moja watahiniwa 100, kila moja imefaulisha 92. Kwenye orodha ya shemeji ziko sare. Ukifungua, Bondeni wamo 50 kuanzia daraja la kwanza hadi la tatu, Mlimani wamo 15 na 77 waliobaki ni daraja la nne. Hizo si shule mbili zinazofanana hata kidogo. Kwenda kidato cha tano unatakiwa uwe na C tatu angalau. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa shule yoyote ni wangapi wako juu ya mstari wa daraja la tatu. Asilimia ya ufaulu nawaachia wanaoandika mabango.

Hapo bado ni kilichotoka. Kilichoingia je?

Hapa ndipo nilipokaa siku mbili nzima, mke wangu akadhani nabeti. Waliofanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2024 ndio haohao waliofanya upimaji wa kidato cha pili Novemba 2022. Matokeo yote mawili yamo kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na namba ya kituo ni ileile. Fungua ya 2022, hesabu vichwa. Fungua ya 2024, hesabu vichwa. Tofauti ni mzigo uliopotea njiani. Najua kuna waliohama, najua kuna waliorudia kidato cha pili, najua kuna waliohamia. Lakini ukiona shule imepoteza wachache na jirani yake, kata ileile, barabara ileile, imepoteza kundi zima, usiniambie ni kuhama.

Cha pili kinachopatikana hapo ni kizuri zaidi. Kidato cha pili nao wana madaraja. Kwa hiyo unaweza kuona kundi hilohilo la watoto lilivyokuwa miaka miwili kabla na lilivyomaliza. Kuna shule moja maeneo yetu, siitaji, haimo kwenye orodha ya mtu yeyote, na watoto wake walipofika kidato cha nne walikuwa wamepanda kuliko wa shule mbili zilizomo. Walianzia shimoni wakaja kuishia katikati. Hizo mbili zenye jina watoto wao walianzia juu wakashuka.

Basi nauliza wadau, hasa walimu: nahesabu sawasawa au nimejidanganya?

---

Kayumba Asilia

Uzi mtamu. Nimeleta kigoda na chai ya rangi. Sisi wa Mtakatifu Kayumba, yaani shule za serikali za kawaida, tunasikiliza.

---

Mwana Toangoma

Mkuu, hesabu zako nzuri ila unazunguka mbuyu. Matokeo ni matokeo. Mwajiri hamuulizi mtoto alianzia shimoni au mlimani, anauliza cheti kina nini. Mimi natazama shule yenye daraja la kwanza nyingi nampeleka mwanangu, basi. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, mbona hatuzijadili? Kwa sababu zinajulikana.

---

Mtunza Stoo

Mwana Toangoma, hizo ulizotaja ni za vipaji maalumu. Zinachukua watoto waliofanya vizuri kuliko wenzao darasa la saba, nchi nzima. Ukipewa kuku wa kuchagua mmoja mmoja sokoni, ukashinda mashindano ya kuku, sifa ni ya ufugaji au ya kuchagua? Sikatai kwamba wanafundisha. Nakataa kuziweka mstari mmoja na shule ya Charambe iliyopokea kila aliyefaulu kwenye shule za msingi za jirani, baada ya Ilboru, Kilakala, Msalato na praiveti kuchukua cha juu.

---

Mwalimu wa Zamu

Nimefundisha sekondari za serikali ndani ya wilaya hii kwa muda wa kutosha, shule tatu tofauti. Mtunza Stoo yuko sahihi kwa jambo ambalo sisi walimu tunalisemea ofisini mlango ukiwa umefungwa: mtoto anayepotea kati ya kidato cha pili na cha nne.

Nitawaeleza linavyokwenda bila kutaja shule. Usajili wa mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, kuna kikao. Majina yanasomwa. Mwenye utoro, mwenye sifuri kila mtihani, aliyeanza kuendesha bodaboda jioni. Mzazi anaitwa. Hafukuzwi, maana kumfukuza kuna taratibu zake. Anashauriwa. "Mama, huyu mtoto tunaona akasome QT taratibu," yaani mtihani wa wanaosomea nje ya shule. "Baba, hamna shule nyingine karibu na kwenu?" Mzazi anatoka pale anashukuru, anaona kasaidiwa. Mwaka unaofuata shule haina sifuri na mkuu wa shule anapigiwa makofi kwenye kikao cha tathmini.

Na hili si la kwetu tu wala si la leo. Wakati wa Matokeo Makubwa Sasa, 2013, serikali ilianza kuzipanga shule rasmi, zikapewa rangi: kijani, njano, nyekundu, na kila moja nafasi yake wilayani. Wachumi waliochambua mpango ule kwa shule za msingi walichapisha matokeo yao 2021. Walikuta shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao kweli zilipandisha ufaulu. Walikuta pia kwamba zilizuia baadhi ya watoto wasifike darasa la saba, wasije wakaonekana kwenye mtihani. Yote mawili kwa pamoja. Mimi niliposoma sikushangaa, nilicheka tu, kwa sababu nilikuwepo.

Kwa hiyo Mtunza Stoo, stoo yako iko sawa. Ila naongeza kitu usichokiona kwenye tovuti: walimu. Dar ina walimu wengi, hilo wanasema hata mikoani na ni kweli. Lakini ni walimu wa nini? Historia, Kiswahili, Uraia, wamejaa mpaka wanagombea vipindi. Hisabati na Fizikia unakuta mmoja anabeba shule nzima, au hakuna kabisa, anakuja kijana wa kujitolea analipwa na wazazi. Mwaka 2023 Hisabati kidato cha nne, waliofaulu nchi nzima walikuwa kama robo tu ya waliofanya. Kwenye shule za kata usitegemee hata hiyo robo.

Ukitaka kuijua shule haraka, shuka chini kabisa ya ukurasa wake NECTA, pale penye jedwali la masomo. Tazama waliofanya Fizikia na Kemia. Shule ina watahiniwa mia mbili na Fizikia wamefanya tisa? Hapo hamna mwalimu, au maabara ni chumba chenye kufuli. Halafu watu wanasifia daraja za sanaa.

---

Dada wa Kizuiani

Mwalimu wa Zamu hapo kwa QT umenikumbusha mdogo wangu. Walimwambia hivyohivyo, "kwa faida yake". Sasa ana saluni. Saluni inamlipa, siwezi kusema uongo, lakini cheti hana na kila akitaka mkopo mahali wanamuuliza elimu.

---

Bwana Pointi

Samahani nachepuka kidogo. Nimefungua shule mbili nilinganishe. Moja ina GPA 4.2, nyingine 3.4. Sasa mbona watu wanaisifia ya 3.4? Au wamepewa hela?

---

Kayumba Asilia

😂😂 Bwana Pointi hiyo siyo GPA ya chuo! Kwa kidato cha nne A ni 1 na F ni 5. Ndogo ndiyo nzuri. Ya 4.2 ni watu waliolala.

---

Bwana Pointi

Aisee. Mwanangu nimeshamlipia tusheni kwenye shule ya 4.2 nikijisifu kwa majirani.

---

Mama Wawili

Mnahesabu vizuri ila wote mmesahau barabara. Nina wasichana wawili, mkubwa yuko kidato cha tatu. Tunakaa Mbande. Shule aliyopangiwa mwanzo ilikuwa ina matokeo mazuri kweli, nilifurahi. Lakini daladala ni mbili. Saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni, konda akiona sare anapiga bati gari inaondoka, kwa sababu mwanafunzi analipa 200 na mtu mzima analipa zaidi. Alikuwa anafika kipindi cha pili kimeanza, anapiga magoti nje na wenzake wa Chamazi, halafu mwaka unaisha ripoti inaandikwa "hana juhudi".

Nikamhamishia shule ya kata, dakika ishirini kwa mguu. Kwenye orodha ya shemeji yako haipo wala haitakuja kuwepo. Wastani wake umepanda. Hakuna mwalimu mpya, hakuna tusheni. Analala tu.

Na msichana kituoni usiku ule si suala la alama peke yake, mnaelewa ninachosema. Mwenye bodaboda anayempa lifti ya bure hampi bure. Serikali iliruhusu tangu Novemba 2021 aliyejifungua arudi shule, na ni jambo jema, lakini nenda kahesabu wangapi kweli wamerudi. Kwa hiyo ukifungua matokeo tazama safu ya wasichana kivyake. Ukurasa unaonyesha wasichana na wavulana mbalimbali kwenye madaraja. Shule ambayo wavulana wamekaa juu na wasichana wote wamesukumwa daraja la nne na sifuri, mimi simpeleki binti hata iwe ya kwanza mkoa mzima.

---

Mtunza Stoo

Mama Wawili, hilo la safu ya wasichana sikuwa nimelitazama. Narudi kwenye daftari.

---

Mwana Toangoma

Sawa, kwa la daladala nakubali. Lakini bado nasema zile kongwe zina kitu. Watu waliosoma Azania, Jangwani, Zanaki, Tambaza, Pugu, unawajua wakizungumza.

---

Mzee wa Keko

Wajukuu, hao mnaowasikia wakizungumza walisoma wakati nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabu. Enzi zetu darasa zima la saba wanachaguliwa wawili, watatu, siku ya majina mtaa mzima unajua. Ukichukua wawili katika themanini, hata ukiwafundishia chini ya mwembe watafaulu. Shule ilisifiwa, mwembe haukusifiwa.

Shule za kata zimekuja na MMES, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanzia 2004, halafu Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu wakuu wa wilaya hawakulala, ni kujenga tu. Zilichekwa sana. Kidato cha nne cha 2012 kilipotoka mapema 2013 na zaidi ya nusu ya watoto wakapata sifuri, wakazicheka zaidi, mpaka matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Lakini wale watoto waliopata sifuri, miaka kumi nyuma yake wasingefika hata kwenye chumba cha mtihani. Wangekuwa wanauza maji ya kandoro pale Tandika. Mnapolinganisha shule mkumbuke nani ameruhusiwa kuingia.

---

Chaki Nyeupe

Shikamoo Mzee wa Keko. Mimi ni mwalimu wa msingi, nije upande wetu maana hapa mnaongelea sekondari tu wakati mchezo wote unaanzia huku.

Mbagala watoto wanasoma kwa zamu, asubuhi na mchana. Kiwango ni watoto 45 darasani. Nikiwaambia ninao wangapi mtadhani naandika namba ya simu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wamekuja kwa wingi, na hilo ni jema. Ruzuku ya uendeshaji msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, sekondari 25,000. Inafuata kichwa. Shule kubwa inapata kidogo cha kufanyia kitu, shule ndogo ya pembeni chaki na karatasi za mitihani zikishatoka imebaki na senti.

Sasa matokeo ya darasa la saba. Masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Maswali mengi ni ya kuchagua herufi. Mtoto asiyejua kabisa akitia kivuli kwa kubahatisha bado anaokota alama. Ndiyo maana mwalimu wa kidato cha kwanza anampokea mtoto wa wastani wa C halafu anagundua anasoma kwa kukokota. Siyo kwamba sisi ni wezi. Mtihani unapima kile unachoweza kupima.

Kinachonisaidia mimi ni kile alichofanya Mtunza Stoo: natazama upimaji wa darasa la nne halafu wa darasa la saba miaka mitatu baadaye, watoto walewale. Na msizichanganye shule zetu na zile za serikali za ingilishi midiamu kama Olympio na Bunge. Hizo ni za serikali, ndiyo, lakini mzazi analipa na watoto wanaingia kwa namna nyingine. Kuziweka kwenye orodha moja na shule ya zamu mbili ya Kizuiani ni uchokozi.

---

Bwana Pointi

Chaki Nyeupe na lugha je? Mtoto kasoma Kiswahili miaka saba halafu kidato cha kwanza anakutana na Biolojia ya Kiingereza.

---

Mwalimu wa Zamu

Bwana Pointi, hapo umegusa donda. Mwaka wa kwanza mzima tunatafsiri. Unauliza swali kwa Kiingereza, darasa kimya kama msibani. Unauliza lilelile kwa Kiswahili, mikono hamsini juu. Wanajua! Halafu Novemba mtihani unakuja kwa Kiingereza. Shule inayochukua watoto wa ingilishi midiamu wengi, mfano zile za karibu na mjini, ina miezi sita ya bure ambayo wa Charambe hana. Hiyo nayo haiandikwi kwenye orodha.

---

Msema Kweli 255

Mnaponda sana orodha. Mimi nasema kuziondoa lilikuwa kosa. Januari 2023 NECTA walipotangaza kidato cha nne cha 2022 wakasema hawatangazi tena kumi bora, eti ni kuzitangazia shule biashara. Sawa, kwa praiveti naelewa, walikuwa wanabandika mabango hadi kwenye nguzo za umeme. Lakini shule ya serikali haina biashara ya kutangaza. Zamani ukurasa wa shule ulikuwa unakuambia nafasi yake mkoani na kitaifa, na shule ndogo na kubwa zilitengwa makundi yake. Mkuu wa shule wa mwisho alikuwa halali. Sasa analala.

Na matokeo yake ni nini? Orodha haijafa. Imehamia WhatsApp, inatengenezwa na shemeji za watu.

---

Mtunza Stoo

😂 Shemeji hana kosa, kaforwadiwa. Lakini hoja yako ya mwisho inaniuma kwa sababu ni kweli. Ile rasmi walau ilikuwa na mwenyewe.

---

Mwalimu wa Zamu

Msema Kweli, mkuu wa shule aliyekuwa halali ndiye aliyekuwa anaita wazazi na kuwashauri QT. Warudishe nafasi kama wanataka, ila wapange kwa walioandikishwa kidato cha kwanza, siyo kwa waliofika chumba cha mtihani. Mtoto uliyempokea akapotea ahesabike sifuri mpaka uonyeshe alikohamia. Siku hiyo utaona nani wa kwanza Temeke. Na utashangaa.

---

Msema Kweli 255

Hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili.

---

Dada wa Kizuiani

Na kambi? Shule ya kwetu kidato cha nne wanalala shuleni miezi miwili kabla ya mtihani, magodoro sakafuni, wazazi tunachanga mchele na maharage. Daraja zimepanda. Hiyo inahesabika shule imefaulu au wazazi tumefaulu?

---

Mama Wawili

Wazazi wenye mchele.

---

Chaki Nyeupe

Dada, tangu Magufuli apige marufuku michango Januari 2018 walimu wengi wanaogopa hata kutamka neno lenyewe. Siku hizi kamati ya wazazi ndiyo inaamua, kwa muhtasari na saini. Shule yenye kamati iliyochangamka watoto wanakunywa uji saa nne. Shule ambayo kamati imekufa, saa tano nusu ya darasa wamelalia madawati. Ukifika shule usianze na ofisi ya mkuu. Tazama jikoni kama kuna moshi.

---

Mtunza Stoo

Wakuu, nimerudi. Jana nilichukua ruhusa kazini nikaenda shuleni kwenyewe. Nilimfuata mwalimu wa taaluma nikiwa na daftari langu. Mwanzoni aliniona kama mkaguzi, akanipa kiti kile kizuri. Nilipomwambia mimi mzazi tu akacheka, akanihamishia kiti kingine.

Nikamuuliza walioingia kidato cha kwanza kundi la mwisho lililomaliza na waliofanya mtihani. Hakunificha. Akatoa rejista, akanionyesha waliohama na barua zao, waliofiwa na wazazi wakarudi mikoani, na waliopotea tu. Kila aliyepotea kaandikwa pembeni kwa penseli alifuatwa lini nyumbani na nani. Mwalimu huyo huyo anafuata, kwa nauli yake. Mimi stoo yangu haina rejista ya namna ile, nawaambia ukweli.

Vyumba viwili ni vya ile fedha ya UVIKO, ya wakati wa korona, kibao bado kipo ukutani na rangi haijachakaa. Maabara ipo, kufuli lipo, lakini funguo anayo mwalimu wa Kemia, nikaona vumbi limekanyagwa. Jikoni nilitazama kama alivyosema Chaki Nyeupe. Moshi upo, ila ni wa walimu. Uji wa wanafunzi ulisimama mwaka jana, kamati iligombana.

Hisabati hakuna mwalimu. Aliyekuwepo kahamia kwao, anayejitolea ni kijana anayesubiri ajira, anafundisha kidato cha tatu na cha nne tu. Kidato cha kwanza na cha pili wanaandikiwa mazoezi ubaoni na mwalimu wa Jiografia. Mwalimu wa taaluma alinieleza hilo akitazama dirishani.

Kutoka nyumbani ni dakika kumi na nane, nimetembea mwenyewe na saa mkononi. Dogo anaanza hapo Januari. Shemeji nimemtumia picha ya ukurasa wa matokeo ya kidato cha pili na wa kidato cha nne vikiwa pembeni kwa pembeni, kajibu kwa emoji ya kufikiri. Shangazi zake bado wanauliza bei ya kiwanja.

Kikao cha wazazi wapya ni Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, nimeshaandikisha jina kugombea kamati, kwa ajili ya ule uji. Kuna yeyote humu anajua mwalimu wa Hisabati anayefundisha jioni upande wa Nzasa au Rangi Tatu, wa watoto sita hivi, tuchangiane? Tupo wazazi wanne tayari. Aje inboksi.

---

Bwana Pointi

Tufanye watano. Nahamisha tusheni.